Kawa Juu ya Sinia, Picha Ukutani

 

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo tunaloliona kila siku bila kulitazama. Katika nyumba nyingi za pwani yetu, iwe Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga, huwamo vitu vya aina mbili. Ipo picha iliyotiwa fremu na kutundikwa ukutani, aghalabu imechapishwa kwa mashine katika nchi ya mbali; mgeni akiingia huiinulia macho na kuisifu kuwa ni sanaa. Na lipo kawa la ukili lililofunika sinia ya chakula, lililopangwa rangi zake safu kwa safu mpaka kileleni. Mgeni yuleyule hulifunua, akaliweka kando, akala, asiseme neno. Aliyelisuka kawa hilo yawezekana ni jirani wa nyumba ya tatu. Aliyeichora picha ile hatumjui, wala hatukuuliza. Hata hivyo picha twaiita sanaa, na kawa twaliita kazi ya mkono. Na mara nyingine twaongeza neno moja: kazi ya mkono “tu”. Neno hilo dogo ndilo tunalotaka kulichunguza, kwa kuwa lina gharama yake, na wanaoilipa zaidi ni wanawake.

Uadilifu wataka tuanze kwa kuwasikiliza wanaotenga sanaa na ufundi, maana wana hoja zao. Hoja ya kwanza ni ya matumizi: chungu ni cha kupikia na mkeka ni wa kukalia, lakini picha haina kazi nyingine ila kutazamwa na kutufikirisha. Ya pili ni ya upekee: picha hutoka moja, na mikeka hutoka kwa makumi. Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Mwanafalsafa wa Kiingereza, R. G. Collingwood, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alieleza kwamba fundi huujua mwisho wa kazi yake kabla hajaianza. Seremala anapoushika msumeno anajua kuwa anaunda meza, na anajua itakuwa meza ya namna gani. Msanii, kwa maoni yake, hakijui kikamilifu alichonacho moyoni mpaka akitoe. Hukigundua katika kukifanya.

Hoja hizi si za kupuuzwa, na tutazirudia. Lakini kwanza yafaa tujue kwamba mstari huo haukuwako tangu na tangu. Hata huko Ulaya, kwa karne nyingi mchoraji alihesabiwa miongoni mwa mafundi, mwenye chama chake cha kazi kama walivyokuwa nacho masonara na waashi. Mwaka 1746 mwandishi wa Kifaransa, Charles Batteux, alitoa kitabu kilichokusanya muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi katika kundi moja la sanaa za uzuri, akazitenga na kazi zinazokidhi haja za maisha. Wazo hilo likaenea haraka. Mwaka 1768 kikaundwa chuo cha kifalme cha sanaa mjini London, na miongoni mwa wanachama wake waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Huyu wa pili alisifika kwa kuchora maua. Haikupita miaka mingi chuo hicho kikaamua kwamba kazi za sindano zisipokewe katika maonyesho yake, pamoja na kazi za makombe ya pwani na za karatasi za kukatwa.

Tulitazame jambo hilo kwa makini. Ua lililochorwa kwa brashi liliingia ukumbini likaitwa sanaa. Ua lililotariziwa kwa sindano lilisimamishwa mlangoni. Huenda yote mawili yaliigwa kutoka bustani moja, na huenda lile la sindano ndilo lililokula siku nyingi zaidi. Na baada ya wale wawili, chuo hicho hakikumchagua tena mwanamke kuwa mwanachama kamili mpaka mwaka 1936. Basi mstari kati ya sanaa na ufundi haukuchorwa na uzuri peke yake. Ulichorwa pia na mahali kazi inapofanyiwa, na mikono ya nani inayoifanya. Kazi ya ukumbini ilipanda daraja, na kazi ya barazani na ya chumbani ikashuka.

Sasa turudi kwetu, tuisikilize lugha yetu. Neno “fundi” ni ndugu wa kufunda na kufundisha. Mwari hufundwa kabla ya kuingia nyumbani kwake. Mwanafunzi hufundishwa chuoni. Na fundi ni yule aliyefundishwa kazi mpaka naye akaweza kumfundisha mwingine. Neno hilo halina udogo wowote ndani yake. Nalo neno “sanaa”, ambalo leo twalitumia kuinua picha na kushusha mkeka, limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili huko ni kazi ya kuunda kitu kwa ujuzi. Katika Suratul Anbiyaa, Mwenyezi Mungu anapotueleza kwamba alimfundisha Nabii Daud (a.s.) kutengeneza mavazi ya kujikinga vitani, neno lililotumika ni la mzizi huohuo. Na katika Surat Hud, Nabii Nuh (a.s.) anapoamrishwa kuunda jahazi, amri ile nayo imetoka katika mzizi huohuo. Kwa hivyo deraya ni sanaa na jahazi ni sanaa. Lugha iliyotupa neno hili haikujua kwamba siku moja tutalitumia kumtenga msusi na mchoraji.

Wala wazee wetu hawakujenga maisha yao juu ya mtengano huo. Tazama nyumba ya kale ya mawe kule Lamu, mji uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Katika vyumba vya ndani pana ukuta uliojaa zidaka, visanduku vilivyochongwa katika chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na kingo zake za nakshi. Hapo ndipo palipowekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Je, ukuta huo ni rafu au ni sanaa? Aliyeujenga hangelielewa swali letu. Nenda Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika kwa wachonga milango, mafundi wa ngozi na waandishi wa misahafu waliopamba kurasa zao kwa wino wa rangi. Msahafu ule uliandikwa usomwe, na ngozi ya jalada ilishonwa ili kurasa zisiharibike. Manufaa na uzuri vilitoka mkononi kwa pamoja.

Hata katika maneno ni hivyohivyo. Utenzi unaojulikana kuliko yote miongoni mwa tungo za wanawake wa pwani hii ni ule wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, uliotungwa mwaka 1858. Wataalamu wa vyuo vikuu huufundisha kama kilele cha ushairi. Lakini yeye alikuwa mama mgonjwa aliyetaka kumwachia binti yake usia wa dini na wa kuishi na watu. Aliutunga utumike nyumbani. Laiti tungeufuata mstari wa Batteux, tungelazimika kusema kwamba usia ule ni kazi ya matumizi, na kwa hiyo si sanaa!

Dini yetu nayo yatufundisha namna ya kuutazama mkono ufanyao kazi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza wao kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Basi wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), mwaka wa 20 Hijria, wakafahamu kilichokusudiwa: alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka. Vitabu vya sira vyataja kwamba alikuwa mjuzi wa kutengeneza ngozi na kushona. Mama wa Waumini, mke wa Mtume, hakuona haya kwa kazi ya sindano, na kazi hiyo ndiyo iliyourefusha mkono wake. Ni nani basi miongoni mwetu wa kuiita kazi ya mkono “tu”?

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili tukasema kwamba kila kilichotengenezwa kwa mkono ni sanaa. Hilo nalo si kweli, na halimsaidii fundi hodari. Hapa hoja ya Collingwood yatufaa, ila tuihamishe mahali pake. Tofauti aliyoiona ipo, lakini haipiti kati ya picha na mkeka. Hupita ndani ya kila kazi. Angalia picha za jahazi na jua linalotua zinazouzwa kando ya fukwe zetu. Zimechorwa kwa brashi na kutiwa fremu, nazo hurudiwa kwa mamia, tanga lilelile na mnazi uleule, bila mchoraji kuwaza upya hata mara moja. Sura yake ni ya sanaa, na kutengenezwa kwake ni kwa kukariri.

Kisha itazame kofia ya vito ya Lamu. Kofia hiyo ina sehemu mbili, duara ya juu na ukanda wa kuizunguka. Nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa cheupe. Halafu hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kingo zake zikaze na kuinuka kidogo. Vitundu hivyo hupangwa vikawa maua, nyota, mawimbi na pembe zinazojibizana kulia na kushoto. Kofia moja ya kazi nzuri yaweza kuchukua miezi. Mshonaji ajua kwamba anashona kofia. Hilo ni kweli. Lakini nakshi ianzie wapi, ikifika kwenye maungio ikutane vipi, nafasi nyeupe iachwe kiasi gani ili jicho lipumzike, hayo huamuliwa na mwenye sindano, na mengine huyapata papo hapo anaposhona. Kofia mbili za watu wawili zikiwekwa pamoja, mjuzi hutambua ipi ni ya nani, kama tutambuavyo mwandiko wa barua. Hapo ufundi umeshafika kwenye sanaa bila kuacha kuwa ufundi.

Kipimo chetu Waislamu cha jambo hili kina jina: ihsani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameifaradhisha ihsani katika kila kitu, na mfano alioutoa haukuwa wa jambo la fahari. Alitaja kuchinja, akaagiza kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Nabii Daud (a.s.), katika Surat Sabaa, aliamrishwa apime vyema pete za deraya zake. Basi kazi hupandishwa daraja na uangalifu uliotiwa ndani yake. Kawa lililosukwa kwa ukili uliolingana upana, lisilopitisha inzi, lililosimama wima kwa miaka, lina ihsani. Kawa lililoharakishwa ili liuzwe Ijumaa halina, hata likiwa la mkono.

Sasa tufike kwenye gharama tuliyoitaja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hujiuza kwa mwenye macho ya kukitambua. Penye mnunuzi asiyejua kutazama, kofia ya miezi na kofia ya mashine hukaa juu ya meza moja, na aulizapo bei hushangaa kwa nini moja ni ghali. Tufanye hesabu, kwa mfano tu na si kwa kutaja bei ya soko. Tuseme kofia imeuzwa shilingi 3,600, na mshonaji aliifanyia kazi saa 3 kila siku kwa siku 60. Hizo ni saa 180. Kabla hatujatoa thamani ya kitambaa na uzi, amepata shilingi 20 kwa saa, yaani shilingi 60 kwa siku. Anayenunua mkate dukani ajua shilingi hizo zamfikisha wapi. Na mara nyingi mikononi mwa mshonaji hazifiki hata hizo, kwa kuwa kati yake na mnunuzi yupo mchuuzi.

Hasara ya pili haihesabiki kwa shilingi. Binti anayemwona mama yake akipunguziwa bei mlangoni kwa maneno ya dharau hujifunza kitu siku hiyo, nacho si ususi. Hujifunza kwamba kazi hii ni ya wasiosoma. Akikua hukataa kushika ukili, na hatuwezi kumlaumu. Kisha siku yaja ambapo mama amefariki, na ile njia yake ya kuchemsha rangi, ya kuchagua kindu lisilopasuka, ya kuzungusha kona bila kuonyesha mshono, imezikwa naye. Ujuzi wa namna hii haukai vitabuni. Hukaa vidoleni, na hurithiwa kwa kukaa kitako kando ya anayeujua.

Tufanyeje, basi? Tuna mapendekezo machache, yote ya nyumbani.

Kwanza, tuulize jina. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, pana zulia mashuhuri lililotoka Ardabil, Iran. Limefumwa pamoja na jina la Maqsud wa Kashan na mwaka 946 Hijria, nasi twalitaja jina hilo karne tano karibu baada yake. Mikeka yetu haina majina. Tununuapo mkeka, mswala au kofia, tuulize umetoka mkononi mwa nani, na tumwambie mgeni anapoutazama. Kumtaja mtu kwa kazi yake njema ni sehemu ya kumshukuru.

Pili, tusimpunguzie fundi kama tumpunguziavyo mwuza bidhaa za kiwandani. Kujadiliana bei ni desturi yetu wala si haramu, lakini tuifanye hesabu ile ya saa kabla ya kufungua kinywa. Harusi inapokaribia, wako wanaolipa bila kusita kwa mapambo ya plastiki ya usiku mmoja, wakamlilia bei aliyepaka hina na piko mikono ya bibi harusi. Naye ni msanii ambaye hakuna jumba litakaloihifadhi kazi yake, kwa kuwa baada ya majuma mawili hufutika. Mcheza kwao hutunzwa, naye atunzwe.

Tatu, tuvitumie vitu hivi. Kumheshimu fundi hakuna maana ya kuking'oa kitu mahali pake. Milango mingi ya nakshi ya pwani yetu iling'olewa ikauzwa, ikawa mapambo katika kumbi za mbali, na nyumba ilikotoka ikatiwa mlango wa bati. Mswala wenye kusaliwa, kawa lenye kufunika chakula cha wageni na kikuba cha asumini chenye kunukia kifuani viko katika makao yake. Tukivitundika ukutani kwa fahari, tumevinyima nusu ya uhai wake. Na fahari yenyewe, kama mjuavyo, ni mlango wa israfu.

Nne, tuwape watoto wetu, wa kike na wa kiume, nafasi ya kukaa kitako kando ya bibi au babu mwenye kazi ya mkono. Kule Lamu kofia zimeshonwa na wanaume pia, kwa hiyo asiambiwe mvulana kwamba sindano si yake. Likizo moja ya shule yatosha mtoto ajue kusuka utepe mmoja ulionyooka. Hata asipokuwa fundi maishani, atakuwa na macho. Na tulikwisha sema kwamba chema huhitaji macho ya kukitambua.

Mwisho, tujichunge ndimi zetu na lile neno “tu”. Mwanamke anayeulizwa afanya kazi gani, akajibu, “Nasuka mikeka tu,” amefundishwa jibu hilo na sisi sote. Nasi twaweza kumfundisha jingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya mama zetu, hai na waliotangulia, ajaalie kazi zao ziwe katika mizani ya mema yao, na aturuzuku sisi ihsani katika yote tuyafanyayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.